Kiwanja Chetu, Chumvi na Nyasi
Maelezo ya Kamati ya Kiwanja kwenye mkutano mkuu wa mwaka

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, wanachama wenzetu mlioko hapa Pangani na mliosafiri kutoka Tanga mjini, Dar es Salaam na kwingineko:

Kamati tumepewa muda mfupi kueleza jambo moja: kwa nini mchango wa mwaka huu tunauomba kwa ajili ya nyasi za kiwanja, na kwa nini sehemu kubwa ya fedha hiyo haitanunua nyasi. Tunajua hili linasikika kama kitendawili. Tunaomba mtuvumilie tulitegue taratibu.

Kiwanja mnakijua. Ndipo wanapocheza watoto wa shule, ndipo mabinti wanapofanyia mazoezi, ndipo tunaposwali Idi, ndipo panapofanyika mikutano ya hadhara. Ukisimama upande wa bahari wakati wa kiangazi, Januari na Februari, utaona ardhi imepiga weupe kama iliyonyunyiziwa unga. Ule ni chumvi. Mtoto akianguka pale anainuka na goti limechunika, na kidonda kinamwasha mpaka nyumbani. Ndiyo maana vijana wengi wanahamia ufukweni, na huko bahari ndiyo refa: maji yakijaa, mechi imekwisha.

Katika vikao vilivyopita yalitolewa mawazo mawili, na yote tuliyachukua kwa heshima.

La kwanza ni zulia, yaani nyasi bandia. Zulia lina faida zake. Linahimili mechi nyingi kwa siku, na chumvi haliijui. Lakini chini ya jua letu la saa nane mchana, zulia linaweza kupata joto la nyuzi 60 za Selisiasi na kuzidi, na watoto wetu wanacheza peku. Tena zulia linazeeka. Kwa kawaida baada ya miaka 8 mpaka 10 linang'olewa na kutafutwa jingine, na vipande vyake vya plastiki, kwa mji uliokaa mdomoni mwa mto kama wetu, vitaishia baharini tunakovua.

Wazo la pili ni kuagiza kutoka nje nyasi kama zile zilizotumika Qatar kwenye Kombe la Dunia la 2022. Wazo hili lina msingi wake. Nyasi zile ni za jamii ya pasipalamu ya pwani, ambayo wataalamu wanaiita Paspalum vaginatum. Ni nyasi inayotambaa, yenye majani membamba ya kijani kizito, na katika nchi za joto huota yenyewe kandokando ya mikoko na kwenye madimbwi ya maji ya chumvi. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, chini ya mtafiti Ronny Duncan, kilianza kukusanya na kuchambua aina zake, na kutoka kazi hiyo na nyingine zilizofuata zimepatikana aina nzuri za viwanja. Watafiti hao wamesimulia kuwa huenda nyasi hii ilifika pwani ya Marekani kama matandiko ndani ya meli za watumwa zilizotoka Afrika Magharibi. Kwa hiyo tunaposema tuiagize ng'ambo, tunaagiza mjukuu wa bara letu wenyewe.

Ila nyasi, hata ingekuwa bora namna gani, ni sehemu ndogo ya kazi. Tuanze na maji.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Dumu la lita 20 ukilichemsha mpaka likauke, unabaki na gramu 700. Maji ya visima vyetu hayafikii huko, lakini mwenye kuyaonja anajua kuwa visima havifanani, na kwamba kiangazi kikizidi na mto ukipungua, bahari hupanda mtoni na ladha ya maji hubadilika. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linaeleza hivi kuhusu maji ya kumwagilia: yakiwa na chini ya nusu gramu ya chumvi kwa lita, mimea mingi haisumbuki. Yakiwa kati ya hapo na gramu 2, lazima uangalie. Yakizidi gramu 2, mazao mengi yanapata tabu.

Sasa tupige hesabu. Kiwanja kamili cha mpira ni mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Ukikimwagilia maji ya kimo cha milimita 5 tu, umetumia lita 35,700. Ikiwa maji hayo yana gramu 2 kwa lita, kwa umwagiliaji huo mmoja umemwaga kiwanjani zaidi ya kilo 70 za chumvi. Ukimwagilia mara 20 katika kiangazi kimoja, umeongeza tani moja na kilo 400. Maji yanapaa na jua, chumvi inabaki. Weupe ule mnaouona upande wa bahari una chanzo hicho hicho: maji ya chumvi yanapanda kutoka chini, yanakauka juu, yanaacha mzigo wao.

Hapo ndipo nyasi nyingi zinapokufa. Chumvi ikizidi udongoni, mzizi unashindwa kunyonya maji hata kama ardhi ni mbichi. Nyasi inakuwa na kiu huku imesimama kwenye maji. Ncha za majani zinaungua, rangi inageuka ya kijivu, ukikanyaga alama ya mguu inabaki. Kwenye udongo wa mfinyanzi kuna dhara la pili: sodiamu iliyomo ndani ya chumvi inavunja chembe za udongo, ardhi inashikamana kama saruji, na maji hayapiti tena.

Dawa ya chumvi ni moja, nayo ni kuisukuma chini na kuitoa. Mvua ya masika inafanya kazi hiyo bure kila mwaka, lakini kwa sharti kwamba maji yana pa kwenda. Yasipokuwa na pa kwenda, yanatuama, na jua likitoka chumvi inapanda tena pale pale. Ukitaka kuijua ardhi yako, chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yakinywewa lijaze tena. Yakiwa bado yamesimama baada ya saa kadhaa, usinunue nyasi kwanza. Chimba mtaro.

Kwa hiyo fungu la kwanza la mchango ni la ardhi. Kiwanja kisawazishwe ili katikati pawe juu kuliko kando kwa sentimita 34 hivi, ambao ni mteremko wa sentimita moja kwa kila mita. Upande wa bondeni, kwenye udongo wa kunata, zichimbwe njia za maji chini ya ardhi na kujazwa kokoto. Mitaro ya kando ifunguliwe, na maji yake yaelekezwe upande wa bahari, mbali na mashamba ya watu. Kumwaga mchanga juu ya tope bila kuchimba njia za maji ni kumvika mgonjwa kanzu mpya.

Fungu la pili ni kupima. Kabla ya kununua chochote, tutapeleka udongo wa pande zote za kiwanja na maji ya kila kisima yakapimwe. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano kiko Muheza, jirani zetu, na udongo ndiyo kazi yake. Kipimo ndicho kitakachotuambia kama tunahitaji jasi. Jasi inachimbwa nchini, Makanya wilayani Same na Makangaga wilayani Kilwa. Kalisi yake inaing'oa sodiamu kwenye udongo wa mfinyanzi, kisha maji yanaiosha. Kwenye mchanga wa pwani uliojaa chembe za makombe na matumbawe, kalisi ipo tele tayari, na kununua jasi pale ni kutupa fedha.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tukatae pampu kubwa, ingawa mwanachama mwenzetu mmoja kwa ukarimu wake alijitolea kuinunua. Chini ya ardhi ya pwani, maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi. Wataalamu wawili, Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, walieleza kanuni yake zaidi ya miaka 100 iliyopita: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na mita kama 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Maana yake ni nzito. Ukivuta maji kwa nguvu hata usawa wa kisima ukashuka nusu mita, maji ya chumvi yaliyo chini yanaweza kupanda kwa mita 20. Wa kwanza kuyaonja atakuwa mama wa jirani anayechota maji ya kupikia. Kiwanja kikiwa cha kijani na visima vya mtaa vikawa vya chumvi, chama hiki kitakuwa kimewadhulumu watu wake.

Hii ndiyo sababu hasa ya kutaka nyasi zinazovumilia chumvi. Tunazitaka ili maji matamu yabaki kwa watu, na kiwanja kinywe yale ambayo hakuna anayeyagombea: visima vya maji ya magadi vilivyo upande wa pwani, vichimbwe vifupi, vivutwe kidogo kidogo na kupumzishwa.

Kuhusu nyasi zenyewe, mapendekezo yetu ni mawili, kila moja kwa mahali pake.

Sehemu kubwa ya kiwanja tupande ukoka. Kila mkulima wa mahindi hapa anaujua na anaulaani, kwa sababu haufi: ukikata kipande, kipande kinaota. Tabia hiyo hiyo inayomchosha mkulima ndiyo tunayoitaka kiwanjani. Ukoka unapenda jua kali, unahimili kukanyagwa, unajiponya haraka, na majani yake yana tezi ndogo za kutolea chumvi nje. Ardhi ikiwa inachuja, ukoka mzuri unaweza kuishi kwa maji ya gramu 2 hata 3 kwa lita. Tena hauna bei. Tutachagua ule wenye majani membamba unaoota karibu na bahari, kwa sababu huo umekwisha kuzoea.

Ule ukanda mweupe wa upande wa bahari, ambako hata ukoka umeshindwa, tupande pasipalamu ya pwani. Hiyo inavumilia chumvi kuliko karibu nyasi zote za viwanja. Mtasikia wauzaji wakisema inamwagiliwa maji ya bahari. Aina zake bora zinaweza kuyastahimili, lakini kwenye mchanga unaochuja vizuri, na zikioshwa kwa mvua au maji mepesi. Miche michanga haiwezi. Kwa hiyo maji ya mvua tutakayokinga tutayaweka kwa ajili ya kitalu na wiki za mwanzo. Paa la mita za mraba 300 likipata mvua ya milimita 100 linatoa lita 30,000. Hazitoshi kumwagilia kiwanja kizima hata mara moja, lakini kwa kitalu ni neema.

Tahadhari mbili. Nyasi hizi zote zinatambaa, na pasipalamu inapenda sehemu chepechepe. Zisipelekwe kingo za mto wala kwenye majaruba ya mpunga, na mpaka wa kiwanja ulindwe kwa mtaro. Pili, zote hazipendi kivuli. Chini ya mikungu na miarobaini ya pembeni tusijisumbue nazo. Tuweke mabenchi, wazee wakae.

Kupanda kutaanza na mvua za kwanza za masika, mwezi wa Machi, ili mbingu ituoshee chumvi wakati mizizi inashika. Tutapanda kwa vipando, vipande vya shina vyenye vifundo viwili au vitatu, kila kimoja sentimita 25 kutoka kwa mwenzake. Kwa joto letu, ardhi hufunikwa kwa miezi miwili mpaka mitatu. Katika muda huo hakuna kucheza.

Tulijua hapo patakuwa na manung'uniko, kwa hiyo tulikaa na vijana pamoja na walimu kabla ya kuja kwenu. Tulikubaliana hivi: tutapanda nusu ya kiwanja mwaka huu, wakati wa masika, na nusu ya pili masika yajayo. Watoto watabaki na nusu ya kuchezea, na swala ya Idi haitakosa mahali. Tutapata pia kujifunza kwenye nusu ya kwanza kabla ya kumaliza fedha kwenye ya pili.

Nusu kiwanja, kwa nafasi tuliyoitaja, inataka vipando 57,000 hivi. Msishtuke. Watu 300 wakija kwenye msaragambo, ni vipando 190 kwa kila mmoja, kazi ya asubuhi moja. Hiyo ndiyo maana ya kusema nyasi hazitanunuliwa.

Tunakuja kwenye fungu la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, na ndilo ambalo wachangiaji hulisahau kwa sababu halina utepe wa kukatwa: mshahara wa mtunzaji.

Nyasi za pwani zinataka jicho la kila siku. Mtunzaji atakata nyasi zikae sentimita 2 mpaka 4, kwa mashine yenye makali, na kwa kila mkato asiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu. Fyekeo linachana majani, na jani lililochanika linakauka upesi kwenye upepo wa chumvi. Atamwagilia alfajiri, kwa wingi na kwa nadra, maji yashuke mpaka mizizini na kupita. Kunyunyiza kidogo kila jioni ni kuikusanya chumvi juu. Kila anapomwagilia maji ya magadi ataongeza kama sehemu moja ya tano zaidi ya inayohitajika, ili ziada hiyo ibebe chumvi kwenda chini. Mbolea ataiweka kidogo kidogo, hasa kwa pasipalamu, ambayo ikishibishwa sana inafanya godoro la majani makavu na kuvuta magonjwa. Ndago ataing'oa na vikonyo vyake ingali michache. Mwezi wa Februari, kabla ya mvua, atazibua mitaro yote. Mbele ya magoli, ambako nyasi huisha kwanza, atahamisha vipando kutoka kitaluni. Na mbuzi, tunawaomba radhi wenye mbuzi, wakae nje ya uzio.

Kazi hii haiwezi kuwa ya kujitolea. Mtu hujitolea mwezi wa kwanza, wa pili anatafuta riziki, wa tatu nyasi zimekufa. Kwa hiyo tunaomba mwanachama anayeweza aahidi mchango wa kila mwezi, hata mdogo, kwa miaka miwili, kuliko kutoa mara moja na kwenda zake. Bei za kazi zote, kuanzia kokoto mpaka mashine, zimo kwenye ukurasa wa bajeti wa kijarida hiki, na mapato na matumizi yatabandikwa ofisini kila baada ya miezi mitatu. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Mlioko mbali mnaojenga nyumba zenu karibu na bahari, haya yawafae na nyinyi pia. Pima maji kabla ya kumlipa fundi wa bustani. Jaribu shimo. Angalia nyasi gani inaota yenyewe jirani na kiwanja chako, kwa maana hiyo imekwisha kufaulu mtihani. Panda mwanzo wa masika. Na maji matamu ya kisima chako yaache ya kunywa.

Ndugu zetu, hatuahidi kiwanja kama cha Qatar. Tunaahidi ardhi inayopitisha maji, nyasi zilizozaliwa hapa hapa, mtu anayelipwa kuzitunza, na visima vya jirani vilivyobaki vitamu. Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina mlangoni. Msaragambo utatangazwa mvua za kwanza zikinyesha. Njooni na majembe, na watoto waje.